Meza ya Dirisha la Tatu

Kwanza tafuta kopo la nyanya.
La kwangu lilikuwa la juzi, bado linanuka kitunguu;
nililisugua kwa majivu hadi likanionyesha pua yangu.
Kisha waya. Hapa Lubumbashi waya hainunuliwi, inaokotwa:
feni ya mjomba Kapya ilipoungua
niliipasua tumbo, nikatoa utumbo wake wa shaba,
mwembamba, mwekundu, mrefu kuliko likizo yangu.
Zungusha polepole. Ukiharakisha itakatika,
ikikatika itachoma kidole,
na kidole kilichochomwa hakigongi muhuri sawasawa.

Meza ni ya serikali. Imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe,
namba kumi na saba, na herufi mbili nisizojua maana yake.
Mguu mmoja mfupi. Nimeukunjia vyeti vilivyoharibika,
maana hapa jina likikosewa herufi
mtoto hazaliwi mpaka kesho.

Vyeti vilivyobaki nilivifanya maua.
Kunja mara nne, kata kwa wembe
(mkasi upo, lakini uko kwa shefu).
Nilichemsha jakaranda zilizoanguka langoni pa komine
nikitegemea zambarau;
zikanipa rangi ya chai iliyosahauliwa.
Basi. Ni maua ya chai.

Chungu cha msubili ni udongo wa kichuguu,
ule ule tunaofyatulia matofali kule Katuba.
Kina ufa. Kinavuja kidogo juu ya faili za mwaka juzi
na hakuna aliyelalamika.

Karanga ni kazi ya Jumamosi usiku, umeme ukikatika.
Mbabula, sufuria nzito,
karanga vikombe viwili, sukari kimoja,
maji ya kulowanisha tu, tangawizi iliyopondwa.
Koroga. Sukari itakauka, itageuka mchanga,
utadhani umeharibu, utatazama pembeni utafute wa kumlaumu.
Usiepue. Wengi huishia hapo.
Endelea kukoroga, na ule mchanga
utaanza kulia machozi ya kahawia, kisha utang'aa.
Mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta. Usilambe mwiko. Nililamba.

Bakuli nimeliweka dirishani.
Anayeandikisha kuzaliwa huchukua mbili, hucheka, huchukua ya tatu.
Anayeandikisha kifo husema hapana, asante,
hufika mlangoni,
hurudi.

Jumanne moja alikuja Baba Kisimba, kutoka Ruashi,
na binti yake wa miaka saba, au minane, sikuuliza.
Karatasi ya hospitali ilikuwepo. Nakala yake haikuwepo.
Akaenda kutafuta mashine ya nakala yenye umeme
akaniachia mtoto mbele ya dirisha, amesimama.
Hakugusa karanga. Akaokota kipande cha waya
kilichobaki chini ya kopo, akakikunja, akakikunjua,
akakiuma kwa jino la pembeni.
Baba aliporudi, kiti kilikuwa mezani kwangu,
kimo cha msumari, miguu minne iliyonyooka
kuliko miguu ya meza yenyewe.
Nikauliza, cha nani?
Akasema, cha mama. Humu ndani hakuna pa kukaa.

Nikatazama. Ni kweli.
Kiti ni kimoja, na nilikuwa nimekikalia.

Mwisho wa mwezi shefu Kyembe alipita na mikono nyuma.
Ofisi si duka la maua, Mama Mwansa, alisema.
Ondoa.
Nikaleta beseni. Nikatia maua, kopo, msubili na ufa wake.
Yeye akachukua kile kiti kwa vidole viwili,
akakigeuza chini juu kama anayetafuta namba ya serikali,
akakirudisha pale pale.
Akala karanga moja. Akaenda.
Sikujua kama beseni niliache au nilibebe,
nikalisukuma kwa mguu chini ya meza.

Alhamisi iliyofuata alifika kabla ya foleni,
kwapani feni ya mezani, nyeusi kwa moshi.
Akaiweka mbele yangu bila kuniangalia.
Nasikia, alisema, unajua kuzifungua.